Umecheka, Dada?

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti akimpima mteja kiuno, ile sauti ya kichwani ilipomjia tena: "Huyu anakucheka."

Zamani, ugonjwa wa akili wa skizofrenia ulipomwanza, angetupa futi na kujifungia chumbani mpaka mama yake aje kumbembeleza mlangoni. Lakini mshauri anayezungumza naye kliniki alimwambia, "Usiikimbie, mwanangu. Muulize aliye mbele yako."

Fundi akainua uso.

"Samahani, dada. Umenicheka?"

Mteja akainama, akamtazama usoni.

"Nimecheka, ndiyo. Unanitekenya, mwenzangu!"

Fundi akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Sauti bado ilikuwa ikinong'ona, lakini akamzungushia mteja futi upya.

"Basi tulia, mpenzi, gauni lisije likakubana."