Leo Nani Yumo?

Siku hizi watalii hawapandi ndege. Hulala makwao kwenye baridi, wakakodi mwili wa mtu anayeishi ufukweni, akili zao zikaingia humo na mwenyewe akalala. Mashavu, Mpemba aliyehamia Aleksandria, aliukodisha wake. Asubuhi alifumba macho katika ofisi ya wakodishaji. Jioni alizinduka ngozi ina chumvi, tumbo limejaa pweza wa kuchoma ambaye hata ladha yake hakuijua. Analipwa kustarehe, na bado anachoka kama punda.

Wiki nzima mgeni alikuwa bibi mmoja wa Oslo. Hakupenda kucheza peke yake, akaomba Raya, binti wa Mashavu, awe naye baharini.

Ijumaa, siku ya mapumziko, Mashavu alimpeleka binti ufukweni mwenyewe. Raya akamkagua macho kama mnunuzi wa samaki.

"Leo nani yumo?"

"Mama yako. Ulitaka nani, malkia?"

"Aa." Mtoto akaketi mchangani. "Basi tukae tu. Wewe waogopa maji. Bibi haogopi, kanifunza kuelea. Atarudi lini?"

Likizo ya bibi ilikuwa imeisha jana. Mashavu alitaka kusema hivyo, lakini midomo ya mtoto ilishaanza kutetemeka. Akafumba macho, akayafumbua taratibu, akaangua kicheko kirefu, kigeni kwa masikio yake mwenyewe.

"Bibi! Umekuja!"

"Nimekuja," akajibu Mashavu, akaingia majini.

Raya akamkumbatia shingoni, kwa nguvu ambazo mama mtu hakuwahi kuzionja.

"Bibi," akamnong'oneza, "leo usiondoke. Mama tumwache alale tu."