Simu ya Nyumbani

Tangu sheria ikataze mfanyakazi yeyote kukataa simu ya nyumbani, Shangwe alimpigia mumewe, rubani Lukindo, wakati wowote, hata akiwa angani. Mchana ule alimuuliza, "Baba Tumsifu, kadi ya kliniki ya mtoto umeiweka wapi?"

"Angalia kabatini, nyuma ya..."

"Kapteni, magurudumu!" rubani mwenzake akapiga kelele. "Tunatua na hatujashusha magurudumu!"

Injini zikanguruma. Abiria wakapiga mayowe. Hatimaye mumewe akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Tumepaa tena. Tunazunguka tujaribu kutua upya."

Shangwe akakata simu haraka. Kutoka sebuleni akamsikia mama mkwe: "Haloo, Lukindo mwanangu, umekula?"