Mzigo wa Kaka Bundi

Fundi lifti alichungulia dirishani, akamwona Mama Santuri anavuka barabara kuja kwenye jengo lake. Akakimbilia kunyanyua sindano ya gramafoni. Kwa haraka ile sindano ikachuna santuri, chumba kikawa kimya. Mkewe angekuwa hai, angemgombeza kwa mchubuko ule.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Jumatatu Mama Santuri hafungui duka, na miaka thelathini hajawahi kufika hapa. Hata nyumba hakuwa anaijua.

Na jinsi alivyovaa! Miwani myeusi, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi, kila hatua tatu anageuka nyuma. Mtu haendi kumjulia mwenzake hali amejificha namna hiyo. Huyu alikuwa anakuja kufumania.

Na la kufumania lilikuwepo. Chini ya kitanda kulikuwa na makasha bapa kumi na moja ya santuri, yote yamenunuliwa mtandaoni.

Dukani kwa Mama Santuri huuzwa muziki wa elektroniki tu, ule ambao yeye na fundi huuita muziki wa mashine. Unakaa kwenye kiti chako, unavaa hedifoni, anakupigia santuri tatu huku anakutazama usoni. Asiporidhika na uso wako, anakunyang'anya santuri. "Hii si yako, shemeji. Lete hapa." Hakuna anayebisha. Na juu ya kaunta ameandika kwa mkono wake: MUZIKI WA MASHINE HAUUZWI NA MASHINE.

Si maneno ya kupamba ukuta. Nesi mmoja, mteja wa siku nyingi, alikutwa na kasha la mtandaoni ndani ya mkoba. Mama hakumfokea. Alikibeba kiti cha nesi, akakiweka nje kando ya pipa la taka, akarudi ndani kufuta vumbi. Nesi hajaonekana tena.

Kiti cha fundi kiko karibu na dirisha. Tangu mkewe afariki, pale ndipo mahali pekee duniani anapoitwa shemeji. Akikikosa kile kiti, Jumamosi ataongea na nani? Na spika?

Kosa lilianza taratibu. Rafu za dukani ziliota mapengo. Santuri aliyoikodolea macho wiki hii, wiki ijayo haipo. "Imepata mwenyewe," Mama alikuwa akisema, halafu anageuza mazungumzo. Siku moja fundi akaikuta ileile kwenye simu, inauzwa na mtu anayejiita Kijana wa Sindano. Akapambana na nafsi yake kwa dakika mbili nzima, akashindwa, akaagiza. Kwa aibu hakutoa jina lake. Akajiandika Bundi wa Ghorofani. Kijana alikuwa mcheshi kweli. "Kaka Bundi, besi hiyo itakuhamisha nyumba!" Mizigo ililetwa na mtu wa pikipiki, ikaachwa kwa fundi cherehani pale chini.

Leo alikuwa anasubiri kasha la kumi na mbili. 

Simu ikatetemeka. Aliisoma ameishika kwa mikono miwili.

"Kaka Bundi, mzigo umeingia mtaani. Kwa cherehani pamefungwa, utaletewa hadi juu."

Akarudi dirishani. Pikipiki haikuwepo, pengine imesimama upande wa pili. Mama Santuri naye hakuonekana tena, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana yake ameshaingia ndani ya jengo.

Ghorofa nne. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu mwaka wa pili sasa, na fundi alikuwa ameapa hatamtengenezea mwenye nyumba bure. Leo aliishukuru. Akayasukuma makasha ukutani. Moja likakataa kuingia, akalifunika blanketi. Blanketi likaonekana kama limefunika maiti. Akalitoa.

Hatua zikasikika ngazini. Zilikuwa nzito, za mtu mzima, zinapumzika kila ghorofa. Fundi alimwomba Mungu apasue tairi la yule wa pikipiki, kisha akaona haya kuomba dua ya namna hiyo, kisha akaiomba tena.  Aliogopa kuliko siku ile waya wa lifti ulipokatika yeye akiwa juu yake.

Hatua zikasimama. Mlango ukagongwa mara tatu.

Akabana pumzi. Upande wa pili wa mlango mtu alikuwa anahema. Huenda akinyamaza ataondoka. Huenda ataamini hapana mtu.

Simu ikatetemeka juu ya meza, kwa kelele za kuamsha jengo zima.

"Niko mlangoni, kaka."

Basi, wamekutana. Mtu wa pikipiki amefika na kasha mkononi, Mama Santuri yuko kando yake anasoma anwani. Mtu wa pili hakumsikia akipanda, lakini kwa woga ule angesikia nini? Za mwizi arobaini. Akilini alikiona kiti chake kando ya pipa, kimelowa mvua.

Heri aungame mwenyewe kabla hajaulizwa. Ataomba radhi, na ikibidi atapiga magoti, magoti yenyewe haya mabovu. Akashusha pumzi, akavuta komeo, akafungua mlango na toba ikiwa tayari mdomoni.

Mama Santuri alikuwa peke yake, anatweta, kasha bapa kwapani, macho ameyainamisha kwenye simu.

"Kaka Bundi, samahani, mtu wangu wa pikipiki anaumwa, nimekuletea mwenyewe," alisema haraka haraka huku anavua miwani. "Ila nakuomba sana, nina wateja wangu dukani, kuna shemeji yangu mmoja pale, akijua nauza mtandaoni, uso nitauweka wapi?"

Kisha akainua macho.