Mwenye Seli Hizi

Usijifanye hukuona. Ulikuwepo pale ngazini, ukamwona yule mwanamke akishuka, kashikwa mkono na mwanamume asiye mumewe, taratibu, kama yai. Ukakohoa, ukatazama kwingine. Ukajiambia ya watu hayakuhusu.

Hadubini hakuwa na kwingine pa kutazama. Mwanamke alikuwa mkewe.

Mwanamume alikuwa Daktari, aliyetibu wagonjwa ghorofa ya chini na kufanya utafiti ghorofa ya juu, kwenye maabara ambamo Hadubini alitunza seli. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu jicho lake halikukosa kitu.

"Shemeji yetu kapendeza siku hizi," mlinzi alimtupia. "Na Daktari naye anatembea kibwana harusi."

"Fungua geti, wewe."

"Geti liko wazi, kaka. Uliyefungwa ni wewe."

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mkewe aliacha kumtazama usoni. Akisemeshwa, macho yake yalikwenda sikioni mwa mumewe, au begani, kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. Aliombwa shati la bluu, akapiga pasi la kijani.

"Hili ndilo la bluu?"

Mkewe alilipapasa ukosi, akacheka kidogo. "Nilikuwa na mawazo, mume wangu."

Mawazo ya nani? Hadubini alijiuliza.

Na maswali, sasa! Mwanamke ambaye miaka yote alisinzia akisikia habari za maabara, leo kila jioni: zile seli zinaendeleaje? Dawa ya Daktari imefika wapi? Daktari hivi, Daktari vile.

Akamweleza, meno yameumana. Kwamba ndani ya seli mna mitokondria zinazozalisha nguvu, na hazikai tuli: zinaungana zikawa nyuzi ndefu, zinakatika, zinaungana tena. Kwamba kila moja ina tando mbili, na protini zimejipachika humo. Za utando wa nje hukamata jirani, ya utando wa ndani humalizia kuunga na kuzuia mikunjo ya utando huo isifumuke. Sasa huyu mgonjwa wao, mwanamke fulani aliyejulikana kwa namba tu, protini yake ya ndani ni mbovu. Mitokondria zake zimevunjikavunjika kama tambi zilizokanyagwa, na neva zake zinakufa njaa.

"Mwenye seli hizi ungemwambia nini?" mkewe aliuliza, macho begani mwake.

"Yeye? Nisingemwambia kitu. Ningemwambia mumewe atoke mbio."

Mkewe alicheka. Kisha akaondoa vyombo mezani, akaangusha kikombe.

Kilichommaliza Hadubini ni dawa kuanza kufanya kazi. Aliinamia lenzi asubuhi moja akaona vile vipande vinatafutana, utando kwa utando, vinashikana, vinanyooka kuwa nyuzi. Hata vitu visivyoonekana kwa macho vinamtii Daktari! Seli zikifika Ijumaa katika hali hiyo, mgonjwa ataanzishwa dawa. Daktari atapigiwa makofi ukumbi mzima. Na mke wa nani atakaa mstari wa mbele?

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Alhamisi mchana wenzake walishuka kula. Alizitoa sahani zote kwenye kabati la joto, akazipanga mezani, akafungua chupa ya spiriti. Akiba haikuwepo, hizo ndizo zilizobaki. Alimimina polepole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwagilia maua. Hakutosheka. Aliweka sahani moja chini ya lenzi ili aone. Nyuzi zilivimba, zikakatika, zikasambaratika. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya ngazini.

Ndipo akasikia sauti ya Daktari nje ya mlango. Na kicheko cha mkewe. Mchana kweupe, mpaka mahali pake pa kazi, hawana hata haya! Alisimama katikati ya chumba, dirisha likimmulika uso mzima, chupa mkononi. Wamkute. Leo liwalo na liwe.

"Taratibu, shemeji, kuna kizingiti," Daktari alikuwa akisema. "Leo utaziona seli zako mwenyewe kwenye skrini kubwa, maadamu macho bado yamebakiza nuru kidogo. Tazama kwa pembeni, kama ulivyozoea. Kisha umwambie. Siwezi kukutunzia siri hii milele, yule ni mtu wangu."

"Nitamwambia leo. Tena nimwambie kwamba dawa naanza kesho."

"Tangulia, nachukua koti."

Mlango ulifunguka. Mkewe aliingia peke yake, kiganja kikipapasa ukuta, akaja mpaka mbele ya Hadubini, karibu hata pumzi zao zikakutana. Akatabasamu kwa adabu ile anayopewa mtu baki.

"Samahani, kaka," alimwambia. "Namtafuta mume wangu. Yuko humu?"

Usimngoje Hadubini. Jibu wewe, sasa hivi.