Maini ya Bi Hadiya

Siku hizi jiko ndilo linalopakua. Ukishika mpini linaisoma damu yako, likujue ni nani, kisha linakupa sehemu yako ya chakula chenye madini, kwa kadiri ya umri wako, wala haliongezi hata chembe.

Bi Hadiya alisema bismillahi, akashika, kikamtokea kipande chake cha maini. Mkwewe Shekha, mja mzito wa miezi saba, midomo imempauka, alikuwa ameshamaliza chake.

"Huyu ana mtoto tumboni," Bi Hadiya aliliambia jiko, kama alivyoliambia jana na juzi. "Anahitaji damu."

"Mtoto huhesabiwa akizaliwa," jiko likajibu kwa adabu zake zile zile za kuudhi.

Bi Hadiya akasonya, akamsukumia Shekha sahani. "Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini, mama? Mikono inakutetemeka."

"Uzee huo. Kula."

Shekha alipopeleka mkono, kifuniko cha sahani kikajifunga chenyewe.

"Bi Hadiya, chuma cha damuni mwako kinashuka," jiko likasema. "Kuanzia leo utakula ukiwa umeshika mpini. La sivyo, kesho sehemu ya Shekha haitatoka."

Bi Hadiya akashika mpini, kifuniko kikafunguka, akatafuna, na Shekha akageuza uso ukutani.