Maji ya Kwanza

Pande la mwisho la nyama ya nguruwe lilikuwa bado linaning'inia kwenye kamba juu ya mafiga, jeusi kwa moshi, palepale Anselmi alipolitundika kabla hajaugua. Tangu azikwe, mkewe Felista hakuthubutu kuligusa. Leo alilishusha kwa sababu panya walishaanza kulitafuna.

Alilikatakata, akalitia sufuriani, akabandika. Bintiye Teodora alikuwa akimenya viazi na karoti, kabichi ikisubiri kwenye ungo.

Miaka yote nyama ya Anselmi ilichemshwa mara mbili. Mzee yule aliipaka chumvi bila huruma, na ukimwambia anacheka tu. Basi Felista alikuwa akimwaga maji ya kwanza nje ya mlango huku ananung'unika, ndipo atie maji mapya na mboga.

Maji yalipochemka, aliepua sufuria, akaenda nayo hadi mlangoni. Akasimama. Mvuke ukampanda usoni.

"Mwaga basi, mama. Mboga ziko tayari."

Felista akarudi, akaibandika tena, akatumbukiza viazi, karoti na kabichi humohumo.

Walipokaa kula, Teodora alionja kijiko kimoja, akakunja uso. "Mama, hii chumvi..."

"Ni ya baba yako."

Teodora alikula polepole, kila mara akipapasa kikombe cha maji. Felista maji hakuyagusa. Aliinua bakuli kwa mikono miwili akanywa mchuzi wote, na juu ya mafiga ile kamba tupu ikawa inacheza kwenye moshi.