Nyuma ya Pazia la Zahanati

Emanueli aliingia chumba cha uchunguzi kinyumenyume, akapapasa kiti, akakaa akiwa ameelekea ukutani. Nyuma yake palikuwa na pazia la kijani. Nyuma ya pazia alikuwapo mama mkwe wake.

"Mko tayari?" aliuliza.

"Tuko tayari," alijibu Ruti, mke wake, kutoka upande huo wa pazia.

Tangu amuoe Ruti, Emanueli hakuwahi kutazamana na mama yule. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye miti ya kahawa mpaka mwingine apite. Ndivyo walivyolelewa pale Itaka, na utabibu haukumbadilisha. Lakini dada wa mama mkwe alikufa mwaka juzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, iliyogunduliwa ikiwa imeshasambaa. Emanueli hakutaka kuzika mwingine. Muuguzi alikuwa likizo ya uzazi, na kamera ya uchunguzi ilikuwa ya kuazima. Kesho yake ilikuwa inapelekwa zahanati ya Saza.

Kamera yenyewe ilikuwa nyembamba kama kalamu nene, yenye taa mbele. Mwanamke aliweza kuiingiza mwenyewe, au kusaidiwa na mwenzake, na picha ikatokea kwenye kishikwambi. Emanueli alimfundisha Ruti nyumbani kwa kutumia chupa ya soda. Kisha akamtuma kwa mama yake na ujumbe: tabibu ataona kioo tu, hatamwona mtu. Mama mkwe alikataa, akakataa tena. Asubuhi hiyo alitokea na binti yake, amejifunika khanga mpaka kwenye macho.

Nje, wanawake waliokuwa kwenye benchi hawakujisumbua kunong'ona.

"Sasa si atamwona mkwe wake?" Hiyo ilikuwa sauti ya Tupokigwe, muuza maandazi.

"Atamwona kwenye kioo."

"Kwani kwenye kioo siyo yeye?"

"Ni picha. Kwani ile picha ya kitambulisho chako ni wewe?"

"Ile siyo mimi kabisa!"

Benchi zima likacheka.

"Mwambie mama alegeze magoti," Emanueli aliuambia ukuta.

"Amelegeza." Sauti ya Ruti ilikuwa imebana kidogo, kama ya mtu aliyejitwisha ndoo.

"Anaumia?"

"Haumii. Endelea."

Mtu akakohoa.

Kioo kikawaka. "Sogeza mbele kidogo. Kushoto. Hapo hapo. Sasa siki."

Siki ikapita kwenye mrija, ile inayogeuza sehemu yenye kasoro kuwa nyeupe. Emanueli akasubiri. Mlango wa kizazi ulionekana wote, wa mviringo, umejaa, kama wa mwanamke ambaye bado anazaa. Alifikiri kwamba Mungu amemtunza vizuri mama mkwe, kisha akaona haya kwa kufikiri hivyo. Hapo ndipo doa jeupe lilipoanza kujitokeza upande mmoja, kingo zake zikionekana wazi. Akageuza mwanga kuwa wa kijani. Mishipa midogo ilikuwa imejisokota.

Haikuwa saratani. Ilikuwa dalili ya mwanzo kabisa, ile ambayo kwa marehemu hakuna aliyeiona.

"Vipi?" Ruti aliuliza.

"Picha imetoka vizuri."

Akazima kishikwambi. Benchi lilikuwa linasikiliza, na habari za mwili wa mama mkwe haziwezi kutoka kinywani mwa mkwe zikaenda kwake moja kwa moja. Hupitia kwa mzee wake.

Alasiri alikwenda kwa baba mkwe, mzee Osea, akamkuta anageuza kahawa kwenye kichanja. Ruti na mama yake walikuwa jikoni. Emanueli akakaa kwenye kigoda, akaupa mlango wa jikoni mgongo.

"Baba, kuna kitu kimeonekana. Bado ni kidogo. Kikiunguzwa mapema kinaisha. Kesho inabidi aende hospitali ya wilaya. Tukikiacha, kitakuja kuwa kile cha marehemu mama mkubwa."

Mzee Osea aliacha kugeuza kahawa. Akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni, ingawa jikoni palikuwa karibu kiasi cha kusikia kila kitu.

"Mama Ruti! Tabibu anasema una kitu. Kesho unakwenda hospitali."

Sufuria lilianguka jikoni.

"Usiniletee ubishi! Dada yako naye alibisha hivi hivi."

"Sibishi," alisema mama mkwe.

"Basi utakwenda?"

Alitoka jikoni, akampita mumewe, akaja kusimama mbele ya Emanueli. Emanueli aliinamisha kichwa, akatafuta pa kuingia. Kahawa pekee iliyokuwa karibu ni ile ya kwenye kichanja.

"Baba, niangalie," alimwambia mkwewe.

Emanueli akainua uso. Kwa mara ya kwanza akaona kwamba mama mkwe wake ana macho kama ya Ruti, na kwamba yamejaa machozi.

"Pale kitandani mimi sikulala," alisema. "Nilisimama pembeni. Aliyelala ni mkeo."